Mbogo na bunduki ya .375: inatosha?

SWALI: Mhariri, najifunza kazi ya uwindaji wa kitalii hapa Tanzania. Wenzangu wanadai .375 H&H haimuwezi mbogo, eti mpaka .458, yenye risasi nene zaidi. Ni kweli?

JIBU: Inamuweza, ndugu msomaji, na imefanya kazi hiyo tangu 1912. Risasi yake ya gramu 19.4 hutoka kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Kinachoponza ni shabaha. Mabega ya mbogo yameinuliwa na mifupa ya mgongo, kwa hiyo anayelenga katikati ya mwili hupitisha risasi juu ya moyo. Akisimama ubavu, pandisha shabaha kufuata mguu wa mbele hadi theluthi ya kiwiliwili kutoka chini, basi. Usizidi mita 80, na hakikisha nyuma yake hakuna mwingine.

Risasi ya kwanza iwe ya ncha laini isiyovunjika kwenye bega. Zinazofuata ziwe ngumu, maana atakuwa amekupa mgongo na lazima zipenye ndani sana. Bolti, komeo la bunduki linalotoa ganda na kuingiza risasi mpya, ivute mpaka mwisho! Wengi kwa kiherehere huvuta nusu: ganda tupu linatoka, risasi mpya hainaswi, mtu anabaki na chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) tupu. Hiyo .458 humpiga mfyatuaji bega sana, na anayefumba macho akifyatua hakosi kukosa.