Tui linakatika, chapati zinakauka: majibu ya jikoni

Maharage yangu ya nazi huishia na mafuta yanayoelea juu na maji chini. Nazi ninazonunua ni mbovu? (Msomaji, Tanga)

Nazi hazina kosa, tui limekatika. Tui zito likichemka kwa nguvu, au likikutana na ndimu, mafuta yake huachana na maji.

Kwa nusu kilo ya maharage makavu, ukune nazi moja kubwa. Ikamue kwa kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, chuja, weka kando: hilo ndilo tui zito. Rudia machicha kwa vikombe 2 vya maji upate tui jepesi. Maharage yakishaiva, yapike kwenye tui jepesi na kitunguu, nyanya 1 iliyoiva vizuri na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, mpaka nyanya ipotee kabisa kwenye mchuzi. Sasa punguza moto, mimina tui zito, na mwiko usitoke sufuriani mpaka lianze kutokota polepole. Usifunike, maana ukifunika moto hupanda usione. Dakika 5 hadi 7 zinatosha. Anayetaka ndimu aikamulie kwenye sahani yake.

Tui la kopo nalo lina utaratibu huohuo: nusu ya kopo la mililita 400 uichanganye na maji mwanzoni, nusu ibaki ya mwisho.

Na hayo maharage yenyewe? Yanachemka mchana kutwa bado magumu, na mkaa umepanda bei. (Msomaji, Morogoro)

Yaloweke usiku kucha kwa maji mengi, asubuhi uyamwage maji hayo. Bandika kwa maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo. Usiziruke dakika hizo, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayovuruga tumbo isipoharibiwa na mchemko mkali. Baada ya hapo funika, shusha moto. Nyanya, ndimu na ukwaju visiingie kabla hayajaiva, kwani tindikali huyazuia kulainika. Yaliyokaa ghalani muda mrefu hubaki magumu hata ukifanya yote haya. Kwa hayo tia magadi kiasi cha ncha ya kijiko. Yakizidi, mboga nzima huwa na ladha ya sabuni.

Chapati zangu ni laini zikitoka motoni, baada ya nusu saa zinakuwa ngumu. Niongeze mafuta? (Mama wa watoto watatu, Nakuru)

Mama, mafuta yako yanatosha. Tazama maji na moto.

Unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko 1 cha chai, mafuta vijiko vikubwa 3, maji ya moto kiasi cha kuvumilika mkononi, mililita 300 hivi. Maji yaingie kidogo kidogo kwa kuwa unga haulingani. Donge zuri hunata kidogo vidoleni mwanzoni, na hapo ndipo wengi huharibu: wanaongeza unga. Usiongeze. Kanda dakika 10, mnato utaisha wenyewe. Funika nusu saa. Unga uliopumzika husukumika bila kujirudi, nawe hutalazimika kuunyunyizia unga mwingi kwenye kibao.

Gawa madonge 8. Sukuma kila moja, paka mafuta, likunje liwe kamba, lizungushe kama konokono, liache dakika 10 kisha sukuma tena. Kikaango kiwe kimeshapata moto kabla chapati haijagusa. Kwa moto wa wastani unaoelekea ukali, chapati huiva kwa dakika 2 au 3, pande zote mbili. Moto mdogo ndio unaozikausha, kwa sababu chapati hukaa muda mrefu na unyevu wote huondoka. Kila inayotoka ipange juu ya mwenzake na ufunike kwa kitambaa safi ndani ya hotpoti. Mvuke wao ndio unaozitunza. Sukari sisi hatuitii: inaharakisha kuungua tu.

Shikamooni. Niko hosteli na jiko la umeme la sahani moja. Chipsi mayai zinanigandia na kuvunjika. (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Chukua viazi 3 vya kati na mayai 3. Viazi vilivyokatwa vioshe mpaka maji yatoke safi, uvikaushe kwa kitambaa. Wanga na maji ndivyo vinavyovigandisha. Vikaange viive, vichuje mafuta. Bakiza vijiko vikubwa 2 vya mafuta, yapate moto kwanza, panga viazi, ndipo umimine mayai yaliyopigwa na chumvi. Shusha moto, usiguse dakika 3. Kingo zikiachia kikaango, kifunike kwa sahani, pindua, telezesha chipsi zirudi upande wa pili kwa dakika 1.

Uji wa mtama una madonge kila siku. (Msomaji, Singida)

Unga usikutane na maji ya moto ukiwa mkavu. Vijiko vikubwa 4 vikoroge kwanza kwenye kikombe cha maji baridi, ndipo umimine kwenye vikombe viwili vinavyochemka huku ukikoroga. Pika dakika 15. Ukitia maziwa, ndimu usiitie, yatakatika.