Kijembe cha kumaliza maneno

Ukitaka kumjibu mtu barazani akanyamaza, kwanza mwache amalize. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mwenzao hajafika nusu ya maneno, wao washaruka. Anayekatizwa huanza upya, tena kwa sauti ya juu zaidi, na kijembe chako hakuna atakayekisikia. Akishamaliza, piga funda moja la kahawa ndio useme. Kimya hicho kifupi ndicho kinachowageuza shingo waliokaa.

Jibu lenyewe litoe kwenye neno lake yeye. Maneno uliyokuja nayo kutoka nyumbani yanajulikana tu. Mtu akikwambia kwenye dhumna, "Wewe mchezo huujui yakhe, unajua kuhesabu tu," mjibu, "Kweli, na mara ulizofungwa ndizo zilizonifundisha kuhesabu." Umeanza kwa kukubali, kwa hiyo hana la kubishia. Umelichukua neno lake mwenyewe. Na umezungumzia mchezo, hukumgusa yeye wala watu wake. Jirani naye akisema, "Siku hizi unajiona bibi harusi," mwambie, "Umeona eeh, shoga? Mbona basi hujanitunza?" Akicheka, ugomvi umekwisha.

Sentensi moja inatosha. Ya pili huwa maelezo, na kijembe kikishaelezwa ni butu. Wala usicheke wewe kwanza.

Anayetaka mfano amtazame Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Mahasidi walimwimbia kuwa katoka shamba na kaniki mbili, nguo za kimaskini, na lau si sauti angekula nini. Siti hakukana shamba wala kaniki. Jibu lake, nalo kwa wimbo, lilisema kuwa uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Angejitetea kwa kaniki, maneno yangebaki kwenye kaniki. Alibadilisha kipimo, na waliomcheka wakajikuta wao ndio wanaopimwa. Kwangu mimi hilo ndilo jibu bora lililowahi kutoka visiwani.

Ugomvi wa nyumba kwa nyumba uachie kanga. Ukijifunga "Usisafirie nyota ya mwenzio" ukapita mlangoni kwake kwenda dukani, umesema na hukusema. Akiuliza, hiyo ni nguo tu. Naye anaweza kujifanya hakusoma, na faida kubwa iko hapo: kila mmoja ana pa kutokea. Angalia ufungaji, maana jina, yaani hayo maandishi, liko juu kidogo ya pindo la chini, ukilikunja halisomeki. Na ivae siku moja. Ukiivaa wiki nzima imekuwa uchokozi, naye atakwenda sokoni Darajani kutafuta ya kukujibu, na hapo mtashindana kununua doti mpaka pesa ziwaishie.

Kuna yasiyoguswa: mama wa mtu, uzazi, ndoa iliyovunjika, maradhi, ukata, maumbile. Si kwa ajili ya adabu peke yake. Mambo haya mwenyewe hawezi kuyacheka, kwa hiyo hawezi kunyamaza. Atarudi na tusi, au atarudi na kaka zake. Aliyekuzidi umri pia hajibiwi kwa kijembe mbele za watu. "Nimekusikia mzee wangu" yatosha, na mara nyingi humaliza maneno upesi zaidi.

Kwenye kundi la WhatsApp usithubutu. Sauti na uso ndivyo vinavyoonesha kuwa ni maskhara, na kwenye maandishi vyote viwili havipo. Tena maneno yanabaki pale pale, mtu anayasoma upya usiku akiwa na hasira zake.

Ukishajibu, usikae kusubiri kusifiwa. Agiza vikombe viwili, kimoja msogezee yeye. Akikurudishia jibu likawa kali kuliko lako, mwambie, "Hilo umenipata," kisha uliza ni zamu ya nani kuchanganya dhumna.