Jibu: Nilipigwa tiketi ya mwendo kasi Texas, nikakosa tarehe ya mahakama. Je, nina waranti (hati ya kukamatwa)?

Pole ndugu yangu. Usianze na zile tovuti zinazodai pesa ili zikutafutie jina lako. Taarifa zao mara nyingi zimepitwa na wakati. Texas ina kaunti 254, na nyingi ndogo za mashambani haziweki orodha ya waranti mtandaoni.

Itoe ile tiketi uisome vizuri. Itakuambia ni mahakama ya mji au ya kaunti. Ikiwa ni ya kaunti, tafuta namba ya eneo la hakimu (precinct), maana kaunti moja inaweza kuwa na mahakimu wadogo (justice of the peace) kadhaa, kila mmoja na faili zake. (Wanachaguliwa kwa kura, na si lazima wawe wanasheria. Mimi nilishangaa!) Mpigie karani wa hakimu huyo, si sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti). Mwambie namba ya tiketi, uliza kama waranti imetoka na inaondolewaje. Mimi nilipigiwa hesabu yote kwa simu, karani akitafuna chakula chake cha mchana.

Lakini kulipa faini papo hapo mara nyingi ni kukiri kosa. Kama huna uraia, ongea kwanza na wakili wa uhamiaji, hasa ikiwa kuna shtaka jingine zaidi ya mwendo. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, huko hawapatikani kirahisi.

Na akikupigia "sherifu" anayetaka ulipe kwa kadi za zawadi, kata simu. Huyo ni tapeli.