Meza ya Fundi: Risasi Ndogo ya Kubuni kwa Bunduki ya Mbugani

SWALI: Assalamu alaykum, Mzee Fundi. Mimi ni fundi kereza wa Wete, Pemba. Mtoto wa ndugu yangu, niliyemfundisha kazi hii tangu akiwa mdogo, sasa anaishi South Dakota, Marekani, na anafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe. Mwenye shamba amempa ruhusa ya kuwapunguza wale wanyama wadogo wanaochimba mashimo malishoni, na kijana ameamua kuundiwa bunduki yake kwa fundi wa huko, itakayopiga risasi ndogo isiyouzwa madukani. Amenitajia majina manne: .17 Mach IV, .20 VarTarg, .20 Practical, na .22-250 iliyotanuliwa bega. Ananiuliza mimi, ami yake, achague ipi. Chuma nakijua, lakini risasi hizi sizijui. Naomba unieleze kwa kituo. (Msomaji, Wete)

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kuuliza kabla kijana hajalipa, kwa sababu mtutu ukishakatwa chemba, yaani nafasi inamokaa risasi, haurudi ulivyokuwa.

Tuanze na kitu chenyewe. Risasi kamili ina ganda la shaba, fataki, yaani kiwashio, iliyo kitakoni, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Risasi ya kubuni, ambayo Wamarekani huiita waildikati, yaani paka-mwitu, ni ile ambayo vipimo vyake havijasajiliwa na SAAMI, chombo cha viwanda vya silaha vya Marekani kilichoanzishwa mwaka 1926, na kwa hiyo kwa kawaida hakuna kiwanda kinachoiuza ikiwa tayari. Mwenye bunduki huchukua ganda la kiwandani, akalibana shingo ili lishike kichwa chembamba zaidi, au akalitanua bega, yaani sehemu inayopungua kuelekea shingoni, ili liingie baruti zaidi, kisha akaijaza risasi kwa mkono wake. Baadhi ya risasi zinazouzwa leo kila mahali zilizaliwa hivyo. Hiyo .22-250 ilitokana na ganda la .250 Savage la mwaka 1915. Mafundi walilibana shingo katika miaka ya 1930, na ilibaki risasi ya kubuni hadi kiwanda cha Remington kilipoikubali rasmi mwaka 1965.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kumuuliza kijana ni kama kweli anahitaji risasi ya kubuni. Tangu mwaka 2004 ipo .204 Ruger, iliyotoka kiwandani ikiwa na kichwa cha gramu 2.07 kinachoruka kwa takriban mita 1,288 kwa sekunde, na inafanya karibu kila kitu ambacho zile mbili za kaliba ya .20 (kaliba ni kipenyo cha kichwa, kwa sehemu za inchi) alizozitaja zinafanya. Ikiwa hapendi kukaa mezani usiku akipima maganda, na ajinunulie hiyo, apige kwa amani. Lakini kijana uliyemlea wewe kwenye mashine ya kerezo nadhani anaitaka kazi ya mezani kama anavyoitaka bunduki, na mtu wa namna hiyo risasi ya kubuni humfaa.

Sasa tuiangalie kazi iliyo mbele yake. Wanyama hao ni jamii ya kuchakuro. Wenyeji huwaita mbwa wa mbugani kwa sababu ya mlio wao, ingawa hawana udugu wowote na mbwa. Mmoja ana uzito wa kilo moja hivi, anasimama wima kwenye mdomo wa shimo lake, na wanaishi kwa makundi makubwa kwenye uwanda usio na mti wa kukinga upepo. Siku moja ya kazi inaweza kumaliza risasi mia na zaidi. Mtutu unapata moto, upepo unavuma ubavuni, na shabaha ina ukubwa wa chupa. Tena ipo haja moja ambayo asiyewahi kulala nyuma ya bunduki hiyo haijui: mpigaji anataka kuiona risasi yake ikifika. Bunduki ikiruka begani, darubini nayo inaruka, na asipoona vumbi limetimka upande gani hawezi kurekebisha pigo la pili.

Kwa mizani hiyo, .22-250 iliyotanuliwa bega naiondoa mwanzo. Ni risasi kali sana. Bega la kawaida lenye pembe ya nyuzi 28 hugeuzwa kuwa nyuzi 40, kwa mtindo uliopewa jina la fundi P. O. Ackley, ganda likaongezewa nafasi kidogo, na kwa shabaha ya mbali inapiga vizuri kuliko nyingine zote alizozitaja. Lakini inakula takriban mara mbili ya baruti ya ganda dogo la .221 Fireball, na yote hiyo inateketea kupitia tundu lisilofika milimita 6. Moto huo unakwangua mwanzo wa michirizi ya mtutu, ile mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa, pale kichwa kinapoingilia, na mtutu uliopigwa mfululizo ukiwa wa moto unakufa mapema. Kwa mtu anayepiga mbweha mmoja usiku, sawa. Kwa anayepiga mia kwa siku, ni hasara ya mtutu.

.17 Mach IV ni kinyume chake. Ganda lake ni hilo la .221 Fireball, ambalo Remington ililitoa mwaka 1963, likabanwa mpaka lishike kichwa cha kipenyo cha milimita 4.37. Haisukumi bega hata kidogo, na pigo lake unalitazama kama unatazama picha. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 2007 Remington ilitoa ndugu yake wa karibu kabisa kwa jina la .17 Remington Fireball, na hilo peke yake linapunguza sababu ya kujitaabisha kuibuni. Tatizo langu nayo ni mambo mawili. Kichwa cha gramu 1.3 kinachukuliwa na upepo wa mbugani, na tundu jembamba hivyo linajaa uchafu wa shaba upesi, kisha linasafishwa kwa ufito mwembamba unaopinda mkononi na kukwaruza kuta za mtutu asipokuwa mwangalifu.

Zinabaki mbili za kaliba ya .20, zenye kichwa cha milimita 5.18, na hapa ndipo ningemtaka kijana akae. Kaliba hii ina bahati yake. Kichwa cha V-Max cha gramu 2.6 kimeandikwa na Hornady, kiwanda kinachokitengeneza, kuwa na namba ya kupasua hewa ya .275, ilhali kile cha kaliba ya .22 chenye gramu 3.56 kina .255, na kile cha .17 chenye gramu 1.6 kina .230. Maana yake ni kwamba kichwa chepesi cha .20 kinaukata upepo vizuri kuliko kile kizito kinachokizidi kwa karibu gramu nzima, na bado bunduki haisukumi kiasi cha kumpoteza mpigaji kwenye darubini.

.20 VarTarg inatumia ganda lile fupi la .221 Fireball, lenye urefu wa milimita 35.6. Inakula baruti kidogo, mtutu haupati moto haraka, na watu wengi wanaisifu kwa kupiga mahali pamoja. Kama kijana anapiga mita 200 hadi 250 tu, ningemwachia aichukue kwa moyo mkunjufu. .20 Practical inatumia ganda la .223 Remington lenye milimita 44.7, likiwa limebanwa shingo na kuachwa vingine vyote kama vilivyo, nayo inakimbia karibu na .204 Ruger. Hiyo ndiyo ninayomchagulia, na sababu kubwa ni ganda. Maganda ya .223 yanaokotwa, yananunuliwa, yanapatikana hata pale bidhaa zinapoadimika. Ya Fireball yanatengenezwa kwa misimu, na mwenye bunduki isiyo na maganda ana fimbo ya gharama. Sababu ya pili ni vifaa. Dai ya .223, yaani kalibu ya chuma ya kubania ganda, ya aina inayobadilishwa bushi (pete ya ndani inayobana shingo), inatosha: anatoa bushi ya .22, anaweka ya .20, anavuta mkono wa mashine, na ganda linatoka likiwa na shingo mpya. Hakuna kutanua ganda kwa kulipiga chembani, hakuna kupoteza risasi hamsini za kwanza kwa kulifinyanga ganda tu.

Mwambie, hata hivyo, kwamba urahisi huo una mlango mmoja wa hatari, nao ni shingo. Nilipokuwa kijana nikifanya kazi katika karakana moja ya ng'ambo, tulikata chemba kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi ya mteja, bila ya kupima maganda aliyokusudia kutumia. Kuta zao zilikuwa nene kuliko alivyodhani. Risasi iliingia kwa kusukumwa kwa kiganja, na ilipopigwa shingo haikuwa na pa kutanukia ili kukiachia kichwa. Bolti, yaani komeo linalofunga nyuma ya chemba, ilikwama. Tulipoifungua kwa kuigonga kwa nyundo ya mbao, fataki ilikuwa imebonyea bapa kama sarafu na kitako cha ganda kimechapwa alama ya bolti. Mteja alikuwa mzima, Alhamdulillah, lakini sauti ya ile nyundo sijaisahau.

Kwa hiyo afanye hesabu hii kwanza. Kichwa ni milimita 5.18. Ukuta wa shingo ya ganda la .223 baada ya kubanwa huwa karibu milimita 0.33, na kuta ni mbili, kwa hiyo shingo ya risasi iliyojazwa inafika 5.84. Chemba yenye shingo ya milimita 5.90 hadi 5.92 inaacha nafasi ya kutosha bila kupwaya. Lakini hizo ni namba zangu za kufafanulia. Yeye anunue kwanza maganda ya kundi moja, ayabane, aweke vichwa bila baruti wala fataki, apime kwa maikromita, kisha risasi mbili tatu hizo za mfano ampelekee fundi pamoja na mtutu, ili fundi achague rima, yaani kifaa cha kukatia chemba, inayolingana nazo. Michirizi ya mzunguko mmoja kwa inchi 12 inatosha kwa vichwa alivyovikusudia. Kiasi cha baruti asichukue kwa mtu wala kukisia kutokana na .204 Ruger, bali afuate jedwali lililochapishwa kwa ajili ya .20 Practical yenyewe, aanzie chini.

Na mtutu uchongwe jina la risasi hiyo, kwa herufi zinazosomeka. Kitako cha kila ganda kitaendelea kusema .223 Remington, na siku bunduki itakapokuwa mikononi mwa mtu mwingine, uandishi wa mtutu na wa boksi ndio utakaomzuia asikosee.

SWALI: Mzee, kwa nini risasi hizi zisitumike hapa Unguja kwa kunguru weusi? Vifaranga vyetu vinaisha, na kunguru yumo katika wale wanyama watano ambao hadithi ya Mtume inaruhusu wauawe. (Msomaji, Bububu)

JIBU: Hasara yako naifahamu, mwanangu, kunguru hawa wa Kihindi waliletwa hapa mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na tangu hapo wanakula kila kitu. Lakini kule mbugani mpigaji anaelekeza mtutu chini, na nyuma ya mnyama pana udongo mtupu kwa kilomita nyingi. Wewe utaelekeza juu, kwenye mnazi au muembe, na risasi iliyokosa itashuka huko usikokujua, katika kisiwa ambacho kila upande pana mtu. Silaha yenyewe inahitaji leseni, na ombi la kupiga kunguru kwa bunduki ya kasi hiyo katikati ya nyumba hata mimi nisingeliunga mkono. Tumia mtego wa chumba cha waya wenye chambo, na banda la vifaranga lifunikwe juu.

SWALI: Marehemu mjomba wangu aliyekuwa Kanada ameacha bunduki kisheria kwa mwanawe, nayo imeandikwa .22 K-Hornet. Risasi za jina hilo hazipatikani dukani. Je, binamu yangu anaweza kupiga .22 Hornet ya kawaida, au itaharibika? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

JIBU: Mwenyezi Mungu amrehemu mjomba wako. Hiyo ni risasi ya kubuni ya zamani, ya fundi Lysle Kilbourn, tangu mwaka 1940. Hornet ya kawaida ina ganda lililochongoka taratibu na bega la kuteremka. Kilbourn alizinyoosha kuta na kulikata bega kwa ukali. Ukipiga Hornet ya kawaida ndani ya chemba ya K-Hornet, ganda linatanuka na kutoka likiwa limeshakuwa K-Hornet, na hivyo ndivyo wenyewe wanavyoyatengeneza maganda yao tangu mwanzo. Kinyume chake hakiwezekani, kwa sababu ganda lililotanuka haliingii tena katika chemba ya Hornet.

Ila asipige hata moja kabla fundi hajaitazama. Uandishi wa mtutu unaeleza nia ya aliyeukata, wala hauthibitishi kipimo, na mitutu ya kwanza ya Hornet ilikuwa na kipenyo cha milimita 5.66, ilhali vichwa vingi vya leo ni 5.69. Fundi atamimina ndani ya chemba madini laini yanayoyeyuka kwa moto mdogo, yatapoa na kutoka yakiwa na umbo kamili la chemba na mwanzo wa michirizi, naye atayapima kwa maikromita mbele ya binamu yako. Amwombe umbo hilo alihifadhi pamoja na bunduki, likiwa na vipimo vyake vimeandikwa kwenye karatasi.