Mahindi ya njano na dumu la mkojo: mmeuliza, najibu

SWALI: Shikamoo bibi. Nipo Mlandizi, nina kashamba karibu na nyumba. Mahindi yamefika magotini yakaanza kuwa ya njano na hela ya mfuko wa yuria sina. Mwenzangu wa kwenye kikoba kaniambia niweke mkojo, mume wangu hataki hata kusikia anasema mahindi yatanuka, mama mkwe naye anasema ni najisi hatakula. Nifanyeje? *Mama Zuhura*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nenda shambani ukaangalie jani la chini kabisa. Kama unjano umeanzia kwenye ncha ukawa unaingia ndani kwa kufuata ule mshipa wa katikati, umechora kama V, basi hindi linadai naitrojeni, na naitrojeni ndo hiyo hiyo unayoifuata dukani kwenye yuria. Sasa mwili wa binadamu sehemu kubwa ya naitrojeni inayotokana na chakula unaitoa kwenye haja ndogo, sio haja kubwa, watu wengi hawalijui hili. Kwa chakula chetu cha huku kwetu mtu mmoja anatoa kama kilo 2 kwa mwaka kwenye mkojo peke yake. Mfuko wa yuria wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa hiyo nyumba ya watu sita kila mwaka inamwaga zaidi ya nusu mfuko wa yuria chooni, halafu tunaenda kukopa hela ya mbolea, yaani hili linaniuma kila nikilifikiria.

Namna ya kufanya: tafuta dumu la plastiki la lita 20 lenye mfuniko unaobana, la bati hapana litaliwa na kutu. Watu sita mnalijaza kwa siku tatu nne hivi. Funga, na usiwe unalifungua fungua, ile harufu kali inayopiga puani ndo mbolea yenyewe inakimbia. Ukilifunga vizuri mkojo unakuwa mkali wenyewe kwa wenyewe na ule ukali unaua vijidudu. Kwa shamba mnalokula wenyewe nyumbani weka mwezi mmoja, ila kama unauza mazao kaa nao miezi sita, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unasema hivyo kwa mazao ya kila aina, na mimi nakubaliana nao maana anayenunua sokoni hajui umefanya nini.

Siku ya kuweka, chimba kamfereji kama sentimita 10 kutoka kwenye shina. Kwa kila shina chukua nusu kikombe cha chai cha mkojo, ongeza maji kikombe kimoja na nusu, mimina kwenye mfereji halafu fukia hapo hapo, usisubiri umalize mstari mzima. Usimwagie majani yataungua. Rudia mara moja tu baada ya wiki tatu hivi, hindi likishachanua acha. Mboga za majani ni mwezi mzima kabla ya kuvuna unakuwa umeshaacha. Maharage na kunde usihangaike nayo, yanajitafutia naitrojeni yenyewe, na kama udongo wako una chumvi nenda taratibu kwa sababu mkojo nao una chumvi.

Kama kuna mtoto anakojoa damu, mpeleke kituo cha afya, inaweza kuwa kichocho. Mkojo wa hivyo usiuweke kwenye dumu, wala usiumwage karibu na bwawa au mfereji wenye konokono, maana mayai yakikuta maji na konokono ugonjwa unaendelea.

Mwambie baba Zuhura ukishafukia harufu inaisha na hindi halina ladha ya mkojo. Kule Brattleboro, Vermont, Marekani, tangu 2012 watu wanakusanya mkojo majumbani kwao na wakulima wanaweka kwenye nyasi za mifugo, sio jambo la umaskini. Kuhusu najisi mama mkwe ana haki ya kuuliza, asikatishwe. Mafakihi wengi wamesema mmea uliolelewa na najisi wenyewe sio najisi, ila aende kwa shehe anayemwamini akapate jibu kwa mdomo wake. Wewe weka kanga ya shamba pembeni, isichanganyike na ya kuswalia, na mikono ioshwe kwa sabuni.

SWALI: Bibi, huku kwetu Chanika jirani yangu anaita gari la majitaka linamwaga shambani kwake kwenye mchicha, unastawi kweli kweli. Na mimi nifuate? *Kijana mkulima*

JIBU: Hapana mwanangu, usifuate, na huo mchicha usinunue. Kinyesi kibichi sio sawa na mkojo. Kina mayai ya minyoo, kipindupindu, homa ya matumbo, na yai la mnyoo ni gumu sana, linakaa kwenye udongo miezi na miezi likisubiri mtoto atie mkono mdomoni. Kinyesi kinafaa kuwa mbolea lakini kinataka muda: choo cha kutenganisha mkojo, mashimo mawili, kila ukitoka unamwaga jivu, shimo moja likijaa unalifunga linakaa mwaka mzima na zaidi wakati mnatumia la pili. Hata hapo mimi ningekipeleka kwenye migomba na miti ya matunda, mchicha hapana. Au fanya kama kampuni ya Sanergy ya Nairobi, walianza 2011 kukusanya kinyesi kwenye vyoo vya mtaa wa Mukuru wakakipeleka kiwandani, huko funza wa nzi askari mweusi wanakula wanakuwa chakula cha mifugo, na mbolea inatoka ikiwa imeshapikwa na joto. Gari kumwaga shambani bila kitu chochote kufanyika ni kuwagawia majirani ugonjwa, mwambie mwenyekiti wa mtaa.

SWALI: Dumu langu lina miezi miwili, chini kumeganda kitu kama tope jeupe. Limeharibika? *Mama Kevi, Morogoro*

JIBU: Halijaharibika mama Kevi. Hiyo ni fosforasi imejitenga ikatuama chini, mizizi inaitaka sana. Litikise dumu vizuri kabla ya kumimina, na kinachobaki kikwangue kwa kijiti ukaweke kwenye shimo la kupandia mche.