Mzee wa Nyuzi Anajibu: amplifaya ya Marekani, gitaa la Brian May na drams za kwenye ngazi

Barua za mwezi huu ni nyingi, na zingine ni matusi tu kwa sababu nilisema solo za dakika kumi zinachosha. Hizo nimeziweka kando, na bado zinachosha.

SWALI: Jambo mzee. Anko wangu aliyeko Marekani amenitumia amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), mashine nzito kweli, nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Rafiki yangu wa hapa Ntinda anasema nikate plagi niweke ya miguu mitatu nichomeke tu, ni sawa? Halafu gitaa langu la aina ya Stratocaster linanguruma hata nikiwa sipigi kitu, shida ni nini? — Msomaji, Kampala

JIBU: Huyo rafiki yako usimpe hata rimoti ya TV. Umeme wetu Uganda ni volti 240, yaani mara mbili ya huo ulioandikwa nyuma ya mashine, sasa ukichomeka hivyo hivyo na una bahati itaungua fyuzi peke yake, kama huna bahati transfoma ya ndani ndiyo itakwenda na utanusa harufu kabla hujasikia noti hata moja. Tafuta transfoma ya kushusha umeme kutoka 240 hadi 120, na wati zake ziwe zaidi ya zile amplifaya inazokula, mimi huwa naongeza nusu yake juu. Ile stabilaiza ya friji usiniletee, kazi yake ni nyingine. Na ujue transfoma inashusha volti tu, ile 60Hz (mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde) haikupi, umeme wetu utabaki 50Hz, kwa hiyo transfoma ya ndani ya amplifaya itapata joto kidogo kuliko ilivyozoea huko kwao. Nyingi zinavumilia, ila usiibane ukutani nyuma ya pazia, iache ipumue.

Kabla ya kununua chochote peleka kwanza kwa fundi anayejua valvu, sababu kuna amplifaya zingine transfoma yake ina nyaya za volti zote mbili, ni kuhamisha tu. Usifungue mwenyewe! Zile kapasita zinashika moto wa mamia ya volti hata plagi ikiwa imetoka ukutani, mtu anarushwa mpaka mlangoni.

Haya, mngurumo. Pikapu za Stratocaster (zile sumaku zenye waya chini ya nyuzi zinazonasa sauti), tangu itoke 1954, ni za koili moja moja, na koili moja inanasa kila takataka ya umeme iliyo chumbani, chaja, taa, transfoma, vyote. Fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson anaitwa Seth Lover ndiye alikaa 1955 akaunganisha koili mbili zilizopingana, mngurumo wa hii unafutwa na wa ile na sauti ya nyuzi inabaki, ndiyo maana jamaa wa Les Paul, gitaa la Gibson, wanapiga kwa distoshen (sauti ya kukwaruza) kubwa wakinyamaza kunakuwa kimya. Fanya hivi: simama na gitaa, zunguka polepole kama feni. Mngurumo ukipungua ukielekea upande fulani basi ni koili zako tu, kaa upande huo upige. Halafu weka swichi katikati ya pikapu mbili, kwenye Strat nyingi za siku hizi hapo kunatulia. Mngurumo usipobadilika hata kidogo, shuku waya au eathi ya nyumba (ule waya wa usalama unaoshuka ardhini). Na siku midomo ikiguswa na maiki ukasikia kama inachomwa sindano, zima kila kitu, hapo hatuzungumzii sauti tena, hiyo nyumba haina eathi.

(Kwa wenye masikio: huo mngurumo wetu wa 50Hz uko karibu na noti ya G. Ule wa Marekani wa 60 umekaa katikati ya B flati na B, haufai kwa wimbo wowote. Angalau sisi tunaweza kupiga juu yake.)

SWALI: Mzee amua ugomvi. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu anasema Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, ni Mzanzibari, mwingine anasema ni uongo wa Waswahili kujipendekeza. — Shabiki wa Queen, Jinja

JIBU: Alizaliwa Unguja, 5 Septemba 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi kutoka India. Akasomeshwa India, na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya mapinduzi. Mwambie huyo wa pili anunue soda za kundi zima.

Ila mimi nashangaa mnagombania Freddie na kumsahau Brian May, mpiga gitaa wa Queen, maana lile gitaa analopiga alilitengeneza na baba yake kuanzia 1963, akiwa kijana wa shule asiye na hela ya gitaa la Fender. Shingo ni mbao ya rafu ya juu ya meko ya zamani ya kuotea moto, springi za tremolo (kile kifaa cha kutikisa sauti ya nyuzi) ni za valvu za injini ya pikipiki. Pikipiki jamani! Hapa stendi za boda zimejaa springi mnazitupa. Na hapigi kwa piki ya plastiki, anapiga kwa sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni sita.

SWALI: Nina CD ya Metallica, Death Magnetic. Kwenye kila spika inakwaruza. Nimeuziwa feki? — D., Mbale

JIBU: Si feki, ndivyo ilivyo. Ilitoka 2008 ikiwa imebanwa na kupandishwa sauti mpaka kilele cha kila pigo kimekatwa, mashabiki wenyewe waliandika ombi ichanganywe upya. Tafuta zile nyimbo zilivyotoka kwenye gemu ya Guitar Hero, hazikubanwa hivyo, drams zinapumua. Au punguza tu volumu usikilize albamu yao ya zamani, Master of Puppets.

SWALI: Sisi ni bendi ya watu wanne hapa Gulu, tunarekodi kwa simu na maiki mbili. Drams zetu zinasikika kama sufuria. Studio ni ghali. Tufanyeje tupate ule uzito wa John Bonham, mpiga drams wa Led Zeppelin? — Mpiga drams

JIBU: Ule uzito wa "When the Levee Breaks", albamu ya nne ya Led Zeppelin ya 1971, haukutoka studio. Walikuwa kwenye jumba moja kuukuu linaitwa Headley Grange, drams wakaziweka chini ukumbini, injinia Andy Johns akaninginiza maiki mbili huko juu kwenye ngazi. Basi. Kosa lenu nadhani mnasogeza maiki mpaka inabusu ngozi ya drams, kisha chumba chenyewe kidogo kina zulia na magodoro.

Tafuteni gorofa ambalo halijaisha, kuta tupu na ngazi za zege, ombeni askari wa mlangoni Jumapili mchana. Drams chini, maiki zote mbili gorofa ya kwanza zikiangalia chini, simu iwe kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati. Pigeni polepole, maana mwangwi ukiwa mrefu mapigo ya haraka yanakuwa uji. Halafu nitumieni hiyo rekodi, na msiiguse kwanza na programu yoyote.