Tuliokolewa, mmeokolewa, tunaookolewa, tutaokolewa

Swali lenu la wiki lilikuwa fupi: "Kwa imani ya Kikristo, ni nani atakayeokolewa siku ya mwisho, na mtu atajuaje kama yumo?" Naomba nafasi ndefu kidogo, maana hapa Nairobi swali hili hujibiwa kwa haraka mno. Pita bustani ya Jeevanjee saa ya chakula cha mchana, utasikia majibu matatu kabla hujatokea upande wa pili, na kila mhubiri ana aya yake mkononi. Aya zote zimo kwenye Biblia. Zinazoachwa ni zile zilizo jirani nazo.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Fungua Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tuliikariri tangu shule ya Jumapili, utafute neno "okoa" katika nyaraka za Paulo. Warumi 8:24: "tuliokolewa kwa taraja." Waefeso 2:8: "mmeokolewa kwa neema." 1 Wakorintho 1:18: "sisi tunaookolewa." Warumi 5:9: "tutaokolewa na ghadhabu." Li, me, na, ta. Watafsiri hawakubuni, kwani Kigiriki nacho hubadilisha wakati mahali hapo hapo. Kwa hiyo anayekusimamisha barabara ya Tom Mboya akuulize "Umeokoka?" ameuliza robo moja ya jambo. Robo hiyo ni ya kweli na ina uzito wake, lakini haijibu swali la siku ya mwisho, ambalo ni la "ta".

Kuna tofauti nyingine ambayo Kiswahili huionyesha vizuri. "Kuokolewa" kuna mtendaji: yupo aliyeokoa. "Kuokoka" humficha mtendaji, kama kamba inavyokatika au mlango unavyofunguka. Ndiyo sababu tunasema abiria wawili waliokoka katika ajali bila kumtaja aliyewavuta nje. Tangu uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930, ulioanzia Rwanda na Uganda ukaenea hadi Kenya, neno "nimeokoka" limekuwa ushuhuda wa wazi, na limeleta mema mengi majumbani. Lakini mitaani limegeuka pia kuwa sifa ya tabia: fulani ameokoka, yaani hanywi, hachezi kamari. Mtendaji amefichika, na mtu anaanza kujihesabia mwenyewe.

Sasa "me". Ukisema mtoto amelala, unamaanisha aliingia usingizini na hata sasa bado yumo. "Mmeokolewa" ni hivyo hivyo: tendo limekwisha, hali inaendelea. Je, hali hiyo yaweza kukoma? Hapo ndipo makanisa yetu yanapoachana. Wapresbiteri, kwa kufuata Ungamo la Westminster la karne ya 17, hufundisha kwamba aliyeokolewa kweli hataanguka kabisa, na hutaja Yohana 10:28, ambapo hakuna awezaye kuwapokonya kondoo mkononi mwa Kristo. Akiacha imani moja kwa moja, wao husema hakuwa wa kwetu tangu mwanzo (1 Yohana 2:19). Wamethodisti, kwa kumfuata John Wesley, husema anaweza kuanguka, na hutaja Waebrania 6:4-6. Wapentekoste wengi wako upande huu wa pili. Paulo mwenyewe anatumia "me" ile ile anapoonya: "anayejidhania kuwa amesimama na aangalie asianguke" (1 Wakorintho 10:12). Kwa maoni yangu aya hiyo inafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila kanisa, la mawe au la mabati.

Wakatoliki huanzia kwenye ubatizo, na hukazia zaidi "na" na "ta". Anayekufa katika neema ya utakaso, yaani katika urafiki na Mungu, ameokolewa. Anayekufa katika dhambi ya mauti bila kutubu amejitenga na Mungu mwenyewe. Na dhambi haiwi ya mauti ila mambo matatu yakutane: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue kikamilifu, na akubali kwa hiari. Likikosekana moja, dhambi ipo lakini si ya mauti. Kosa linalosikika sana, hata kwa Wakatoliki wenyewe, ni kudhani toharani ni nafasi ya pili kwa walioshindwa. Katekisimu, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, inasema kinyume: aliye toharani wokovu wake ni wa hakika, anatakaswa tu kabla ya kuingia mbinguni. Waorthodoksi, ambao seminari yao iko hapa Riruta, nao huwaombea marehemu, lakini hawaifuati toharani kwa maelezo hayo ya Kilatini. Kwao wokovu ni mtu kushirikishwa uzima wa Mungu hatua kwa hatua, safari ambayo kaburi haliikatizi.

Wengi hufikiri Wakatoliki na Waprotestanti bado wanapigania "imani au matendo" kama karne ya 16. Mnamo tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja: mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, bila kustahili kwake mwenyewe, kisha Roho humwezesha na kumwita kutenda mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Tofauti hazikuisha, lakini anayehubiri leo kwamba Wakatoliki hufundisha kununua mbingu kwa matendo amechelewa sana.

Wasabato, ambao ni wengi Nairobi na zaidi Kisii na Nyanza, wana mafundisho mawili yanayobadilisha picha nzima. Wafu wamelala hawajui neno mpaka ufufuo, kwa hiyo hakuna aliyekwisha kwenda motoni. Na waovu mwishowe watateketea wasiwepo tena, badala ya kuteswa milele. Hufundisha pia hukumu ya upelelezi iliyoanza mbinguni mwaka 1844, yaani kukaguliwa kwa maisha ya waumini kabla Kristo hajarudi. Hawafundishi kwamba kila anayesali Jumapili leo amepotea, ingawa majirani huwasingizia hivyo.

Mashahidi wa Yehova husingiziwa hata zaidi. Hawasemi kwamba watu 144,000 tu ndio watakaookoka. Wanasema hao ndio watakaokwenda mbinguni kutawala na Kristo, na wengine waaminifu wataishi milele katika paradiso hapa duniani. Umati mkubwa wa Ufunuo 7:9 wameufafanua kuwa kundi la duniani tangu mwaka 1935. Mimi sikubaliani na usomaji huo, na sababu yangu iko kwenye maandishi. Katika Ufunuo 7:4 Yohana anasikia hesabu. Katika 7:9 anatazama, na anachokiona ni umati usioweza kuhesabiwa. Ndivyo ilivyokuwa pia sura ya 5: alisikia habari za Simba, alipotazama akaona Mwana-Kondoo. Hesabu yenyewe ni 12 mara 12 mara 1,000, na orodha ya makabila si ya kawaida: Dani hayumo, Efraimu hatajwi kwa jina, ilhali Yusufu na Manase wote wawili wamo. Orodha kama hiyo inaeleza ukamilifu wa watu wa Mungu. Si rejista ya viti.

Tuje kwenye siku yenyewe. Ufunuo 20:12 inataja vitabu vya aina mbili. Vipo vitabu vya matendo, vingi, na kipo kitabu cha uzima, kimoja. Wafu wanahukumiwa kwa yaliyoandikwa katika vile vingi, "sawasawa na matendo yao", lakini aya ya 15 inaamua kwa kile kimoja: asiyeonekana ameandikwa humo hutupwa katika ziwa la moto. Ukihubiri kitabu cha uzima peke yake utalea watu wanaodhani dhuluma haina hesabu. Ukihubiri vile vya matendo peke yake utawaua watu kwa hofu. Mathayo 25 inaongeza jambo ambalo huniuma kila nilisomapo. Matendo sita yametajwa: chakula, maji, kumkaribisha mgeni, nguo, mgonjwa, mfungwa. Na makundi yote mawili yanashangaa: "Bwana, ni lini tulipokuona?" Hakuna aliyekuwa akiweka hesabu. Wanazuoni hubishana kama "ndugu zangu walio wadogo" ni maskini wote au ni wanafunzi wa Yesu, kwa kulinganisha na Mathayo 10:42 na 12:50. Wanaoshika maana ya pili wana hoja nzuri, lakini hakuna kati ya maana hizo mbili inayomruhusu mtu kumpita mwenye njaa.

Je, nyanya na babu waliokufa kabla Injili haijafika? Mmisionari Johann Ludwig Krapf alitua Mombasa mwaka 1844, na bara Injili ilichukua miongo mingine kufika. Swali hili huulizwa matangani kwa sauti ya chini, na halistahili jibu la mkato. Wainjili wengi hushikilia Matendo 4:12, kwamba hakuna jina jingine, na kutoka hapo ndipo hutoka bidii yao ya umisionari. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, fungu la 16, ulifundisha kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri yake kwa msaada wa neema, aweza kuokolewa. Anaokolewa na Kristo yule yule, hata kama hakulijua jina lake. Warumi 2:14-16 inazungumzia Mataifa wasio na sheria ambao dhamiri zao huwashuhudia. Pande zote mbili zinakubali kwamba hakimu ni Kristo. Basi mhubiri anayesimama mbele ya jeneza la mzee na kutangaza yuko motoni amekalia kiti kisicho chake.

Unyakuo nao. Picha ya waumini kutoweka kimyakimya, kisha miaka saba ya dhiki, ilienezwa na mhubiri John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, na baadaye na Biblia ya Scofield ya mwaka 1909. Andiko linalotegemewa ni 1 Wathesalonike 4:16-17. Lisome: mwaliko, sauti ya malaika mkuu, parapanda. Kimya kiko wapi? Miaka saba haimo humo. Imetolewa kwenye juma la Danieli 9:27, ambalo husomwa kama miaka saba. Halafu angalia neno "tumlaki Bwana hewani". Kulaki ni kutoka kwenda kumpokea mgeni njiani na kumleta ndani, na ndivyo wanawali wa Mathayo 25:6 walivyoitwa kumlaki bwana arusi. Kuna na "mmoja atwaliwa, mmoja aachwa" (Mathayo 24:40). Aya iliyotangulia inasema gharika "ikawachukua wote", yaani waovu, kwa hiyo huenda anayeachwa ndiye mwenye heri. Wanaoshika unyakuo hujibu kwamba Kigiriki kina vitenzi viwili tofauti hapo, na ni kweli. Hilo linatosha kumzuia mtu yeyote kujenga wokovu wa wengine juu ya aya hiyo moja.

Kuhusu chapa ya mnyama, mwaka 2019 wengi waliiogopa Huduma Namba, nambari na kadi ya utambulisho ya serikali ya Kenya, wakidhani ndiyo. Ufunuo 13:15-17 inaifunga chapa na kuabudu: anayekataa kuiabudu sanamu anauawa. Mara tu baadaye, 14:1, wapo wenye jina la Mwana-Kondoo katika vipaji vya nyuso zao. Chapa mbili, ibada mbili. Kadi ya serikali haikudai mtu aabudu chochote. Hata 666, hesabu ya mnyama, ina maelezo: jina la Nero Kaisari, mtawala wa Rumi aliyewatesa Wakristo, likiandikwa kwa herufi za Kiebrania ni 50, 200, 6, 50, kisha 100, 60, 200. Jumlisha, utapata 666. Ukiondoa 50 ya mwisho wa "Neron", kama Kilatini kinavyoliandika jina, unapata 616, na nambari hiyo imo katika baadhi ya nakala za kale za Ufunuo.

Nimeeleza haya yote kwa sababu makosa ya hesabu hapa yameua. Huko Marekani, wafuasi wa mhubiri William Miller walimngoja Yesu arudi tarehe 22 Oktoba 1844, na asipokuja waliishia kulia tu. Lakini huko Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi lililotabiri mwisho wa dunia waliteketea kanisani. Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, na kwa mujibu wa mashtaka watu walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miongoni mwao walikuwa watoto. Hakuna aya inayoutaja mfungo wa kufa kuwa njia ya wokovu. Yesu alifunga siku 40, kisha malaika wakamtumikia.

Kwa hiyo mtumishi akikuletea sharti jipya la kuokolewa, iwe ni mbegu ya shilingi elfu kumi, mafuta ya upako au tarehe, mwombe aya. Soma aya kumi kabla yake na kumi baada yake, ukiangalia anayesemeshwa ni nani na kitenzi kiko wakati gani. Pesa ikitajwa, soma Matendo 8:18-20 mbele yake. Akikataa kuulizwa, ondoka. Na akiwaambia wazazi waache dawa, wachome vitambulisho au wawatoe watoto shuleni na kuwanyima chakula, usingoje mjadala wa maandiko: piga simu 116, laini ya kuwasaidia watoto, kisha umwone chifu siku hiyo hiyo.